Punguza Hiyo, Chakula Kinapoa

3 Februari

Babu yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini miguu bado inakubeba na Shangazi hakunyimi chumvi kupita kiasi. Sisi huku wazima. Baba anakusalimu, ameota kitambi lakini anashikilia kwamba ni suruali ndizo zimerudi. Nakuandikia barua kwa sababu nakumbuka ulivyosema: simu haina besi, na sauti isiyo na besi huiamini.

Sasa sikiliza. Unaikumbuka ile lebo ya muziki niliyokuwa naiota? Imezaliwa! Inaitwa Mbichi. Tuko wawili, mimi na fundi umeme mmoja tunayemwita Volti. Ofisi yetu ni chumba juu ya duka la rangi; ngazi zinanuka tapentaini, na meza ni mlango wa zamani tulioulaza juu ya makreti. Tunatoa haus na tekno, muziki wa mashine wa kuchezea, lakini si ile iliyopigwa pasi. Watu wanarekodi vyumbani mwao kwa mashine za kuokoteza, na sisi tunaitoa vilevile, na mvumo wa umeme ndani yake. Mlango ukigongwa wakati wa kurekodi, tunauacha.

Tuna sharti moja. Pale katikati ya santuri, kwenye sehemu tupu kabla ya karatasi ya jina, mwenye muziki anachagua maneno yake na fundi wa kiwanda anayakwaruza kwa mkono. Bila maneno ya mwenyewe, santuri haitoki. Hilo nimekuibia wewe. Nilikuwa na miaka saba uliponishika kidole ukakipitisha pale, ukaniambia mafundi wa kuchonga huacha alama yao.

Tumetoa tatu na zote zimeisha. Ya nne imerudi kutoka kiwandani na sindano inaruka kama mbuzi aliyeona mvua. Kiwanda kinasema kosa ni letu, Volti anasema kosa ni lao. Babu, miaka thelathini na moja ulichonga santuri. Kosa la nani?

Na jingine. Juzi nilimpigia Baba hiyo ya nne, akacheka: "Makelele haya ndiyo Shangazi yako alikuwa akiyafanya chumba cha nyuma." Shangazi? Huyu anayeshona sare za shule? Nilipomchimba zaidi akakumbuka ghafla kwamba ana kazi. Hebu niambie wewe.

Mjukuu wako,
Chiriku


21 Februari

Mpendwa Chiriku,

Marahaba. Barua yako imefika na nimesomewa mara mbili. Mkono wangu siku hizi unatetemeka, kwa hiyo mimi nasema na Shangazi yako anaandika. Miguu ipo. Macho yapo nusu. Paa la jikoni limezibwa. Paka amezaa ndani ya kikapu cha vitambaa.

(Mimi mwandishi naongeza: chumvi simnyimi mimi, anamnyima daktari. Na paka amezaa wanne, wote juu ya kitambaa cha mteja.)

Kuhusu sindano: kosa ni lenu, usinune. Kwa dalili hiyo, mmeitawanya besi, nyingine spika ya kushoto, nyingine ya kulia, zinavutana kama watoto wenye kiti kimoja. Besi ikiwa sawa pande zote mbili, mfereji wa santuri unayumba kulia na kushoto tu, na sindano inaufuata kama mtu anayeijua njia ya kwao. Zikipingana, mfereji unapanda mpaka unakaribia kupotea, na sindano inabaki haina pa kukanyaga. Wekeni besi katikati. Pembeni wekeni vile vya sauti ndogo, makofi na mchakacho. Na upande mmoja mmejaza dakika ngapi? Kwa muziki wa kishindo, zaidi ya kumi ni ulafi.

Mvumo msiuguse. Bosi wangu alitaka kila kitu kisafishwe. Nimesafisha mengi, na niliyoyasafisha hakuna anayeyakumbuka.

Nimefurahi, mjukuu wangu. Sijaulizwa swali la kazi kwa miaka ishirini. Watu huniuliza kama nimekunywa dawa.

Lile jambo jingine, leo sina la kusema.

(Naongeza: hana la kusema kwa sababu hakuna jambo. Nilikuwa kijana, nilikuwa na mashine ya ngoma za umeme, kanda yangu ikaliwa na mashine kiwandani kwake, basi. Nikauza ile mashine nikanunua cherehani ya pili. Wewe kula vizuri, nasikia umekonda kama hiyo sindano yenu.)

Babu yako


15 Aprili

Babu,

Shikamoo, shikamoo, na shikamoo ya tatu ya shukrani! Baba hajambo, kitambi nacho hakijambo. Nimepata jino la mwisho, limeniuma wiki nzima.

Tuliiweka besi katikati, tukakata kila upande dakika tisa, tukachongesha upya. Jumapili mchana tulifungua bohari la matairi, Volti akapanga spika sita, na nikaiweka sindano mwenyewe. Babu! Haikuruka. Ilizama. Nilihisi ile ngoma kwenye magoti kabla sijaisikia masikioni. Watu waliokuja kununua matairi waliacha matairi. Mama mmoja wa makamo alicheza na pochi yake kwapani saa nzima, hakuiweka chini. Dijei mmoja alikuja kutuuliza, "Nani kawachongea hii?" Nikamwambia, "Babu yangu, kwa barua." Akadhani ninamdhihaki.

Nakala mia tatu zimekwisha. Maduka manne yanataka zaidi. Usiku silali kwa furaha, namsumbua Volti na mipango mpaka anajifanya anakoroma kwenye simu.

Lakini kuna kitu kinanikwaruza. Ile kanda ya Shangazi, iliyoliwa na mashine. Babu, wewe mwenyewe ulikuwa ukijisifu. Nilikuwa nakaa mapajani mwako ukinisimulia kwamba kwa miaka thelathini na moja mashine yako haikuwahi kula kanda ya mtu, hata moja, na kwamba ndiyo sababu wanamuziki walikuletea wewe na si mwingine. Hata moja, ulisema.

Chiriku


9 Juni

Chiriku,

Salamu za nyumbani. Leo naandika kwa kichwa changu. Babu yako alilazwa siku kumi na mbili, kifua. Sasa amerudi, anapumua kama mtu anayepanda ngazi hali amelala. Paka wameshagawiwa, amebaki mmoja mwenye kiburi.

Barua yako ya Aprili nilimsomea. Hayo ya kanda mimi niliyacheka, nikasema ni majigambo ya mzee. Tangu hapo ananiita, "Njoo na kalamu," nakaa, nangoja, anautazama ukuta, kisha ananiambia nikaendelee na sare zangu. Jana kasema ataandika mwenyewe. Kwa mkono huo! Nimemwekea karatasi. Nikiingia anaifunika kwa shuka kama mwanafunzi anayeficha jibu.

Mlikuwa mnaandikiana nini nyinyi wawili ambacho sikukiandika mimi?

Shangazi yako


2 Julai

Mjukuu wangu,

Nisamehe mwandiko huu. Nimeuandika kwa siku ishirini na nne. Sijambo kwa namna ya watu wa umri wangu. Barua hii na kifurushi atavipeleka posta dada mmoja mnyooshaji wa viungo anayekuja kila Jumanne. Shangazi yako hajui.

Ulinikamata kwa majigambo yangu mwenyewe. Ni kweli. Mashine yangu haikuwahi kula kanda.

Mwaka ule bibi yako alikuwa ametutoka miezi mitano nyuma. Baba yako alikuwa ameshaoa na kuhama. Nyumbani tulibaki mimi na Shangazi yako, wa miaka ishirini na minne, mchana kiwanda cha nguo, jioni chumba cha nyuma. Alikuwa amenunua mashine ya ngoma iliyotumika, na chini ya cherehani ya marehemu mama yake alikuwa amefunga maikrofoni. Alikanyaga pedali, ile mashine ikamjibu. Mimi niliita makelele. Nilimgongea mlango mara nyingi.

Mwenye ukumbi mmoja mkubwa, mji wa mbali, alikuwa amemwambia: niletee santuri yako, nikiipenda nitakupa kazi ya kupiga muziki hapa kwangu. Kwa hiyo aliniletea kanda kiwandani, kama mteja, boksi limeandikwa kwa mwandiko wake mzuri. "Baba, nichongee sahani moja tu," alisema. "Na usinisafishe."

Nilichonga saa nne asubuhi, peke yangu. Chiriku, nywele za mikono yangu zilisimama. Nimechonga bendi kubwa, kwaya, hotuba za wakubwa. Hakuna kilichowahi kuja chini ya mkono wangu kikiwa hai namna ile. Nilikuwa nikitazama uzi wa laka iliyochongwa kutoka kwenye sahani, unaojikunja na kuondoka, nikajua kwa hakika kwamba mwanangu ataondoka, na hatarudi.

Nilikuwa na miaka hamsini na minne. Sikuwa mgonjwa, ningeweza kujipikia na kujifulia. Niliogopa nyumba tupu, basi. Nilipomaliza kuchonga nilichukua mkasi. Nikaivuta kanda nje ya gurudumu, nikaikata, nikaifinyanga, nikampelekea ndani ya mfuko. Nikamwambia imeliwa. Alishika ule mfuko akasema, "Pole Baba, na wewe mashine yako umeipenda sana." Alinipa pole mimi.

Alirudi chumba cha nyuma wiki moja, kisha akauza mashine. Ameniosha, amenipikia, amenishika mkono kwenda chooni. Miaka thelathini na mitatu. Kila anaponifunga vifungo vya shati, naisikia ile ngoma.

Sahani ile sikuivunja. Iko kwenye kifurushi. Ni ya laka laini, si plastiki ngumu ya santuri ya kawaida. Kila ukiipiga, sindano inaikwangua kidogo kidogo, na inachokwangua hakirudi. Nimeipiga mara tatu tu tangu siku ile, alipokuwa sokoni. Usiipige kwa kujaribu. Tayarisha kila kitu, rekodi, kisha teremsha sindano.

Itoe kwenye lebo yako. Lakini ngoja nife kwanza, ndipo umwambie. Nimebakiza muda mfupi na nataka niumalize nikiwa bado baba yake. Na dakika ya tatu kuna kitu. Hicho kiondoe.

Babu


23 Julai

Babu,

Shikamoo. Wote wazima. Sina habari nyingine za nyumbani, nisamehe, moyo wangu hauko huko.

Tulifunga madirisha. Volti alipima nyaya mara tatu, akafuta jasho, akasema anajisikia kama daktari wa upasuaji aliyesomea redio. Tukateremsha sindano.

Nilidhani nitasikia kitu cha zamani. Babu, hii ni ya kesho! Ile pedali ya Bibi inaingia kwanza, tak-taka, tak-taka, halafu ngoma inaingia chini yake, nzito, na mvumo wa umeme unaimba noti moja kama mtu aliyefumba mdomo. Volti alivua kofia. Mimi nilisimama juu ya kiti, sijui kwa nini juu ya kiti.

Na dakika ya tatu mlango unagongwa, na sauti yako, ya nguvu, ya enzi zile: "Punguza hiyo! Chakula kinapoa!" Maikrofoni ilikuwa wazi. Na Shangazi anapunguza! Muziki unashuka, unakuwa mdogo kama uko chumba cha jirani, moja, mbili, tatu, nne, na kisha anaurudisha wote kwa mpigo mmoja. Volti alipiga ukelele. Tulicheka mpaka tukalia, kisha nikalia bila kucheka.

Nimerekodi. Iko salama. Lakini jibu langu ni hapana.

Sharti la Mbichi unalijua. Bila maneno ya mwenyewe, santuri haitoki, na maneno hayachagui babu wala mjukuu. Mwenye kazi yuko hai, yuko chumba cha pili, anashona sare. Ukiniachia mimi nimwambie ukishakufa, utakuwa umemnyang'anya mara ya pili: hatakuwa na mtu wa kumkasirikia. Atabaki anagombana na kaburi. Nakupenda, Babu, na ndiyo maana nakuandikia kwa jina lake kwenye bahasha. Barua hii ataisoma yeye au utaipokea wewe kutoka mkononi mwake, sijui. Nimeibandika gundi mara mbili nikupe muda kidogo.

Chiriku


11 Agosti

Mpendwa Chiriku,

Marahaba. Paa halivuji. Paka ana kiburi vilevile. Barua yako imefika, imeandikwa jina la Shangazi yako, akataka kuifungua. Nimemwomba kwanza achukue kalamu.

Andika hivi. Mjukuu wangu amesema kweli.

(Kweli gani? Naandika tu.)

Andika. Mwambie Chiriku kwamba leo, nikiwa na akili zangu, ninamwambia binti yangu aliyeshika kalamu. Kanda haikuliwa.

(Kanda haikuliwa.)

Niliikata mimi kwa mkasi. Ilikuwa nzuri mno, niliogopa utaondoka. Andika.


20 Agosti

Chiriku,

Naendelea kwenye karatasi ileile. Kalamu niliiweka chini siku tisa.

Siku tisa nilimpa chakula, dawa na maji ya moto, sikumpa neno. Barua yako nimeisoma. Yake ya Julai aliniambia iko kwako, usinitumie bado. Nilitaka kuondoka, nikapakia begi kabisa, nikafika mlangoni nikakumbuka sare arobaini za watu. Unaona? Hata nikitaka kukasirika, kuna mtu anasubiri nimalizie kazi yake.

Siku ya tisa nilimwuliza swali moja. "Kwani ilikuwa nzuri kweli, au unanifurahisha kwa sababu unakufa?"

Akasema, "Miaka thelathini na moja, haikupita nyingine kama ile."

"Na ulijua?"

"Nilijua saa ileile."

Nimemwambia ukweli: hilo ndilo sijaweza kulisamehe. Angekuwa hakuielewa, ningemsamehe kabla ya chai. Alielewa kuliko mtu yeyote, na ndiyo maana alichukua mkasi. Akasema, "Usinisamehe haraka, sistahili haraka." Nikamwambia asinipangie.

Kisha, Chiriku, nikakuta vidole vyangu vinagonga meza. Tak-taka. Nilikuwa nimekasirika na vidole vinacheza! Nina miaka hamsini na saba, jamani.

Kwa hiyo sikiliza. Toeni. Upande wa kwanza andikeni: Kanda haikuliwa. Sauti yake anataka iondolewe, anaona haya. Haiondoki. Mimi ndiye mwenye kazi, na nilisema tangu mwanzo nisisafishwe.

Upande wa pili hauwezi kubaki mtupu. Nitafutie mashine ya ngoma, hata iliyokufa, huyo Volti wako ataifufua. Maikrofoni nitafunga mwenyewe. Cherehani ya mama bado ipo.

Shangazi


17 Novemba

Chiriku wangu,

Salamu kutoka nyumba ambayo sasa ina mtu mmoja na paka. Tangu mrudi kutoka mazikoni kumetulia. Viti vya watu nimevirudisha. Baba yako mwambie alisahau miwani, na kwamba ile suruali haikurudi, amenenepa.

Sikuweza kukueleza mbele ya wageni. Nakueleza sasa.

Kifurushi chako kilifika siku sita kabla Babu yako hajatuacha. Santuri yenye karatasi ya kijani, na jina langu jipya: Fundi Cherehani. Nilikaa nayo mapajani kama mjinga. Kisha nikampelekea. Macho yalikuwa yamekwisha, kwa hiyo nilimshika kidole nikakipitisha pale katikati. Upande wa kwanza akausoma polepole, akaitikia kwa kichwa. Nikageuza. Haya maneno ya upande wa pili, ule niliourekodi kwa mashine aliyoifufua Volti, nilikutumia bila kumwambia. Kidole kikaenda, kikarudi, kikaenda tena: Acha kipoe.

Alicheka, Chiriku. Hana pumzi ya kunywa maji, akapata ya kucheka.

Nikapiga upande wa kwanza. Nilikuwa nimeleta spika ya chumba cha nyuma. Ilipofika dakika ya tatu alijisikia mwenyewe akigonga mlango, akafumba macho. Muziki ukashuka, ukarudi wote. Akainua mkono kuelekea kwenye kitufe cha sauti cha amplifaya. Mkono uleule wa kuniambia nipunguze, na mimi nimeuzoea maisha yangu yote. Nikapunguza.

Akatikisa kichwa.

Sikumwelewa, nikapunguza tena. Akatikisa kichwa kwa hasira, kama zamani, akaninyooshea kidole, akakizungusha hewani kwenda upande wa pili.

Basi nikaongeza. Nikaongeza mpaka vikombe vikacheza kwenye sinia na paka akakimbilia uani. Kidole chake kilikuwa bado kinazunguka. Jirani alikuja kugonga mlango. Nikaenda kumfungulia, nikamwambia karibu ndani, utaisikia vizuri zaidi.

Wiki ijayo nakuja huko. Nitafutie chumba chenye tundu la umeme zima. Paka nakuja naye, na cherehani pia.

Shangazi yako